Vihenge vya Nafaka na Uhaba wa Mabehewa: Nani Alipe Gharama ya Kungoja?

Mtu asafiriye katika nyanda za magharibi mwa Kanada, au katika majimbo ya kaskazini ya Marekani kama vile North Dakota na Montana, huona jambo asilolisahau upesi. Nchi ni tambarare, na mashamba ya ngano yameenea mpaka upeo wa macho. Mji mdogo unapokaribia, kitu cha kwanza kuonekana si kanisa wala shule, bali ni jengo refu lililosimama kando ya reli. Hilo ni ghala la kuinulia na kuhifadhia nafaka kabla haijapakiwa katika mabehewa. Katika makala haya tutaliita kihenge cha reli.

Katika miaka ya 1930 nyanda hizo za Kanada zilikuwa na vihenge vya namna hiyo zaidi ya 5,700. Leo vimebaki mia chache tu. Ardhi haijaacha kuzaa, maana mavuno ya sasa yanayapita kwa mbali mavuno ya zamani. Kilichobadilika ni uchukuzi. Katika mabadiliko hayo limo swali ambalo halina budi kumhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi wa nchi zinazolima nafaka, zikiwamo zetu: nafaka inapongoja behewa, ni nani alipaye gharama ya kungoja huko?

Maoni yetu ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja gharama hiyo imekuwa ikisukumwa kwa mkulima, kwa sababu yeye ndiye asiye na mahali pa kuisukuma tena. Tunaamini pia kwamba jambo hili laweza kupimwa kwa hesabu, na kwamba likipimwa vizuri laweza kurekebishwa.

KIHENGE CHA RELI NI MTAMBO GANI?

Mwaka 1842 mfanyabiashara Joseph Dart, akisaidiwa na mhandisi Robert Dunbar, alianza kujenga katika mji wa Buffalo, kando ya Ziwa Erie, ghala lililoendeshwa kwa injini ya mvuke. Kabla ya hapo nafaka ilipakuliwa melini na watu walioibeba mgongoni. Dart alitumia ukanda mrefu uliofungwa ndoo ndogo nyingi. Ukanda ulipozunguka, ndoo ziliteka nafaka chini na kuimwaga juu. Mawazo hayo yalikuwa yametangulia kutumiwa na Oliver Evans katika vinu vya unga mwishoni mwa karne ya 18.

Kihenge cha kijijini hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Gari la mkulima hupimwa juu ya mizani, kisha nafaka humwagwa katika shimo. Ukanda wa ndoo huiinua hadi kileleni, na kutoka huko huteremka kwa mabomba mpaka katika chumba chake, kila aina na kila daraja mahali pake. Behewa lifikapo, mlango hufunguliwa, na nafaka hujimwaga yenyewe kwa nguvu ya uvutano wa dunia.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kuona mara moja ubora wa mpango huo. Kuinua tani moja kwa kimo cha meta 25 kwahitaji kazi ya jouli 250,000 hivi, ikiwa tutachukua mvuto wa dunia kuwa 10. Kiasi hicho cha nishati ni kidogo kuliko kile kiwashacho taa ya wati 100 kwa muda wa saa moja. Hata tukiongeza upotevu wa nguvu katika mashine, kazi ambayo ingewatoa jasho wapagazi wengi hufanywa kwa gharama ndogo sana.

Lakini kihenge kina udhaifu mmoja. Chaweza kupokea nafaka kila siku, ila hakiwezi kuitoa mpaka behewa lije. Behewa lisipokuja, vyumba hujaa, mizani hufungwa, na mkulima hurudishwa nyumbani na mzigo wake.

UGOMVI WA ZAMANI

Tatizo hili lilianza zamani. Katika miaka ya 1870 wakulima wa Marekani walilalamika kwamba wenye reli na wenye vihenge walijipangia nauli na ada kama walivyotaka, kwa kuwa mkulima hakuwa na njia nyingine ya kulifikia soko. Jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha ada za vihenge. Kesi ilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1877, katika shauri lijulikanalo kama Munn dhidi ya Illinois, mahakama iliamua kwamba biashara ambayo umma wote unaitegemea yaweza kudhibitiwa na serikali kwa manufaa ya umma. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, iliundwa tume ya taifa ya kusimamia biashara kati ya majimbo, na reli zikawa chini yake.

Huko Kanada jambo lenyewe lilikuwa mabehewa hasa. Mavuno ya mwaka 1901 yalikuwa makubwa, reli ikashindwa kuyachukua, na nafaka nyingi ikaharibika. Aidha, wakulima walioruhusiwa na sheria kupakia mabehewa yao wenyewe waliona kwamba mabehewa yalipelekwa kwanza kwa wenye vihenge. Mwaka 1902 chama cha wakulima kilimshitaki wakala wa reli katika stesheni ndogo ya Sintaluta, ambayo sasa imo katika jimbo la Saskatchewan, kwa kutogawa mabehewa kwa zamu. Wakulima walishinda. Tangu hapo daftari la kuandikia zamu za mabehewa likawa na nguvu ya sheria.

Yafaa msomaji azingatie wakulima wale waliomba kitu gani. Hawakuomba reli ya bure wala ruzuku. Waliomba zamu, na waliomba daftari ambalo kila mtu angeweza kulisoma. Tutarudi kwenye daftari hilo baadaye.

BEHEWA KUBWA JUU YA RELI NYEMBAMBA

Stesheni za nyanda zile zilijengwa kwa umbali wa kilomita 10 hadi 16 hivi kati ya moja na nyingine, kwa sababu mkulima wa wakati ule alitumia gari la farasi, na ilimpasa aende na kurudi siku ile ile. Kihenge cha mbao kilichukua kwa kawaida kati ya tani 700 na tani 950. Nafaka ilipakiwa katika mabehewa ya sanduku yaliyotumika pia kwa shehena nyingine. Kila moja lilichukua kama tani 50 za ngano, baada ya mlango wake kuzibwa kwa mbao ili nafaka isimwagike.

Baadaye lilikuja behewa la faneli, ambalo hujazwa kwa juu na kumwagwa kwa chini. Behewa la sasa la namna hiyo huweza kuwa na uzito wa tani 130 pamoja na mzigo, na kati ya hizo karibu tani 100 ni nafaka. Kwa kuwa lina ekseli 4, kila ekseli hukandamiza reli kwa tani 32 na zaidi. Njia nyingi za matawi zilikuwa na reli nyembamba na madaraja ya mbao, hazikuweza kustahimili mzigo huo. Hivyo uamuzi wa kuchagua behewa fulani ukawa pia uamuzi wa kuchagua ni vijiji gani vitabaki na reli na ni vipi vitaachwa.

Hatua iliyofuata ni treni nzima. Siku hizi kampuni za reli hupendelea treni ya mabehewa 110 au karibu na hayo, yote yakiwa na nafaka ya aina moja, yakitoka mahali pamoja na kwenda mahali pamoja. Treni hiyo hubeba kama tani 11,000, na kwa kawaida kihenge hutakiwa kuipakia kwa muda wa saa 15 hivi. Tugawanye: tani 11,000 kwa saa 15 ni tani 733 kila saa. Kihenge cha mbao cha tani 900 kingemalizwa chote kabla ya saa moja na robo kupita, kama kingeweza kumwaga kwa kasi hiyo, nacho hakiwezi. Vihenge 12 vya zamani vikikusanywa pamoja vingekuwa havijatosha kuijaza treni moja.

Sheria nazo zilibadilika. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1980 ijulikanayo kwa jina la Staggers ililegeza udhibiti wa nauli na ikarahisisha kufunga njia zisizoleta faida. Mtandao wa reli wa nchi hiyo, uliokuwa na zaidi ya kilomita 400,000 mwaka 1916, umebaki kiasi cha zaidi kidogo ya nusu. Kampuni kubwa za reli, ambazo mwaka 1980 zilikuwa kama 40 kwa kipimo cha wakati ule, zilibaki sita baada ya muungano wa mwaka 2023. Nchini Kanada, nauli ya nafaka iliyowekwa kwa mapatano ya Crow's Nest Pass ya mwaka 1897, na ambayo baadaye ililindwa na sheria ya bunge, ilibadilishwa mwaka 1983. Ruzuku iliyochukua nafasi yake ilifutwa mwaka 1995. Baada ya hapo vihenge vya mbao vilibomolewa kwa kasi kubwa.

GHARAMA HAIKUPOTEA, ILIHAMA

Wenye reli husema, na husema kweli, kwamba treni nzima hupunguza gharama ya kuchukua kila tani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata ukinzani mdogo mara kadhaa kuliko tairi la mpira juu ya barabara. Treni isiyosimama kila stesheni hutumia watumishi wachache na mafuta machache.

Lakini hesabu hiyo huanzia mlangoni mwa kihenge, ilhali safari ya nafaka huanzia shambani. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye tani 500, na gari lake huchukua tani 20. Atakwenda safari 25. Kihenge kikiwa umbali wa kilomita 10, gari litatembea kilomita 500 kwa jumla, kwenda na kurudi. Kihenge hicho kikifungwa na kingine kikawa umbali wa kilomita 50, gari litatembea kilomita 2,500. Mafuta, matairi na saa za dereva vimeongezeka mara tano, na hakuna hata kimoja kinachoonekana katika vitabu vya kampuni ya reli.

Barabara nayo huumia. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa huko Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 8 huharibu barabara mara 16 zaidi ya ekseli ya tani 4, wala si mara mbili kama mtu angedhani. Mzigo unapohama kutoka reli ndogo kwenda barabara ya kijiji, halmashauri ya mahali hapo ndiyo hubeba bili ya matengenezo.

Kwa hiyo tusemapo kwamba mpango mpya ni wa gharama nafuu, yatupasa tuulize: nafuu kwa nani, na kutoka wapi hadi wapi?

HESABU YA FOLENI

Hapa kuna somo la hesabu ambalo tungependa kila mwalimu alipeleke darasani.

Tuchukulie kwamba reli ina mabehewa 1,000, kila moja la tani 90, na kwamba behewa hutumia siku 14 kwenda bandarini, kupakuliwa, na kurudi. Kwa wastani reli hiyo itachukua tani 6,400 na kidogo kila siku. Sasa tuchukulie kwamba kuna baridi kali au msongamano bandarini, na mzunguko ukawa wa siku 21. Mabehewa ni yale yale 1,000, lakini uwezo umeshuka hadi tani 4,300 hivi kwa siku. Hakuna behewa lililoibiwa wala kuvunjika, hata hivyo theluthi moja ya uwezo imetoweka. Ndiyo maana mara nyingi kile kiitwacho uhaba wa mabehewa ni uhaba wa mwendo, na kununua mabehewa zaidi bila kuuharakisha mzunguko ni kuongeza msongamano tu.

Somo la pili ni la foleni yenyewe. Wanahisabati wamethibitisha kwamba mizigo inapofika bila mpangilio maalumu, na muda wa kuhudumia kila mmoja nao ukawa wa kubadilika-badilika, foleni haikui sambamba na kazi. Katika mfano ulio mwepesi kuliko yote, mtambo ukitumika kwa nusu ya uwezo wake, kwa wastani kutakuwa na mzigo mmoja mahali pale. Ukitumika kwa asilimia 80, kutakuwa na minne. Ukitumika kwa asilimia 90, kutakuwa na tisa, na kwa asilimia 95 kutakuwa na 19. Kanuni yake ni kugawanya sehemu itumikayo kwa sehemu iliyobaki.

Maana yake ni hii: meneja wa reli anayejisifu kwamba mitambo yake haikai bure hata siku moja anajisifu, pasipo kujua, kwamba wateja wake wanangoja sana. Nafasi iliyo tupu ndiyo inayofupisha foleni, nayo haifai kuhesabiwa kuwa uvivu. Kuiondoa nafasi hiyo ni kupunguza gharama ya mwenye reli kwa kuongeza ngoja ya mwenye nafaka, na wahenga wamekwisha kusema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nayo nafaka haingoji kama jiwe lingojavyo. Punje ya ngano au ya mahindi ni kitu hai. Hupumua, hutumia wanga na oksijeni, na hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, maji na joto. Ikiwa kavu hupumua polepole sana. Unyevu ukizidi kiasi cha asilimia 14 hivi, hasa penye joto, kupumua huongezeka, ukungu huota, na joto la lundo hupanda lenyewe. Nafaka iliyolundikwa nje kwa sababu kihenge kimejaa hupigwa na mvua na theluji. Kwa hiyo siku za kungoja huondoa ubora, na ubora ukishuka bei hushuka.

MAJIRA YA BARIDI YA 2013 NA 2014

Mambo haya yote yalikutana mwaka 2013. Kanada ilivuna mavuno ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana, zaidi ya tani milioni 70. Kisha kukaja majira ya baridi kali. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, hewa ya breki huvuja katika maungio ya mabehewa, na hulazimu treni zifupishwe ili breki zifanye kazi. Treni fupi zinahitaji injini nyingi zaidi kwa mzigo ule ule. Kutoka Saskatchewan hadi bandari ya Vancouver ni zaidi ya kilomita 1,500, tena katikati kuna milima mirefu. Mzunguko wa mabehewa ukarefuka kama katika mfano wetu.

Upande wa Marekani, huko North Dakota, nafaka ilikuta reli imejaa pia mafuta ghafi yaliyokuwa yakichimbwa kwa wingi katika eneo la Bakken. Huko, haki ya kupata mabehewa kwa tarehe fulani ni kitu kinachouzwa kwa mnada, mtindo ulioanzishwa na reli ya Burlington Northern mwaka 1988, nayo huweza kuuzwa tena kati ya wafanyabiashara. Mwaka 2014 haki hiyo ilinunuliwa kwa maelfu ya dola juu ya nauli yenyewe, kwa behewa moja. Mwenye kihenge aliyelipa hivyo hakuwa na mahali pa kuitoa fedha hiyo isipokuwa katika bei aliyompa mkulima. Nafaka ilikuwa na soko ng'ambo, meli zilikuwa zimetia nanga zikingoja shehena, na bado bei ya kijijini ilianguka.

Mwezi Machi 2014 serikali ya Kanada iliziamuru kampuni zake mbili kubwa za reli zichukue tani 500,000 za nafaka kwa juma kila moja, la sivyo zitozwe faini. Baadaye mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuitilia nguvu amri hiyo. Ilisaidia, lakini ilikuja baada ya miezi ya hasara. Dawa iliyoletwa mgonjwa akiwa mahututi haithibitishi kwamba tabibu alikuwa macho.

HOJA ZA WENYE RELI

Si haki kumhukumu mtu pasipo kumsikiliza. Wenye reli wana hoja tatu ambazo hatuna budi kuzipima.

Kwanza, mavuno huingia kwa muda wa wiki chache, ilhali soko hula mwaka mzima. Kuwa na mabehewa ya kutosha kwa kilele cha msimu ni kuwa na mabehewa yatakayolala miezi mingi. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu hatuungi mkono madai kwamba kila mkulima apate behewa siku aitakayo.

Pili, reli siyo mlolongo wote. Meli haziwezi kupakiwa nafaka mvua inyeshapo, na huko Vancouver mvua ni nyingi. Bandari ikisimama, mabehewa husimama nayo. Hili nalo ni kweli.

Tatu, njia nyingi za matawi zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba kuzikarabati kungegharimu kuliko faida yake. Hapa tunakubali nusu. Baadhi ya njia hizo zilistahili kufungwa, na mtu anayesikitikia kila kihenge cha mbao anasikitikia picha kuliko uchumi. Lakini ziko nyingine ambazo kampuni kubwa ilizihesabu kuwa hasara, na wenyeji wakazifanya zikaendelea. Jimbo la South Dakota lilinunua njia zilizoachwa na reli ya Milwaukee iliyofilisika, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko Alberta mwaka 2010 ushirika wa wakulima wa Battle River ulinunua tawi lililotaka kufungwa, na ukaanza kuendesha treni zake wenyewe mpaka penye njia kuu. Basi kitu kisicho na faida kwa mmoja chaweza kuwa na faida kwa mwingine, kwa sababu huyo mwingine huhesabu na zile kilomita 2,500 za gari lake.

YAFAAYO KUFANYWA

Kutokana na hayo tunatoa maoni yetu waziwazi.

La kwanza, faini ziende pande mbili. Kihenge kisipopakia kwa muda uliowekwa hutozwa. Basi reli isipoleta mabehewa kwa tarehe iliyoahidi, nayo ilipe, tena kwa kiwango kilichojulikana mapema, si baada ya kesi ya miaka. Sheria ya Kanada ya mwaka 2018 ilichukua hatua kuelekea huko, na tunaona huo ndio mwelekeo sahihi.

La pili, daftari liwe wazi. Wale wakulima wa Sintaluta walijua kwamba haki haiwezi kusimama gizani. Mabehewa yaliyoombwa, yaliyoletwa, na siku za mzunguko wake yatangazwe kila juma. Tarakimu hizo huonyesha ugonjwa ukiwa bado mdogo.

La tatu, ghala lihesabiwe kuwa sehemu ya uchukuzi. Vyumba vya kutosha mashambani na vijijini hupunguza kilele cha msimu, na ni rahisi kuliko mabehewa yanayolala. Lakini maadamu ghala la mkulima linampunguzia mwenye reli gharama ya kilele, ni haki nauli ya miezi isiyo ya msimu iwe ndogo, ili anayehifadhi apate sehemu ya faida aliyoileta.

La nne, kabla ya kufunga tawi la reli, hesabu ipigwe kutoka shambani hadi melini, pamoja na barabara. Ikionekana bado ni busara kulifunga, lifungwe, na sehemu ya faida itengeneze barabara.

NA KWETU JE?

Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, umepata vihenge vya kisasa vya chuma. Kanda zake za kusini ziko katikati ya mikoa ilimayo mahindi kwa wingi. Makambako iko juu ya reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Songea na Sumbawanga hazina reli, na kila gunia litokalo huko huanza safari yake kwa lori. Tena reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000, ndiyo maana shehena iliyotaka kupita kutoka moja hadi nyingine ililazimu ihamishwe huko Kidatu. Reli ya kisasa inayojengwa ina upana wa tatu, milimita 1,435.

Hatusemi kwamba tatizo la Saskatchewan ndilo tatizo la Ruvuma. Mkulima wetu aghalabu ana magunia, hana tani 500. Lakini kanuni ya foleni haichagui nchi, na punje ya mahindi hupumua Songea kama ngano ipumuavyo Kanada, tena kwa haraka zaidi kwa sababu ya joto. Nasi tunajenga vihenge na reli wakati huu huu. Vikijengwa kila kimoja kwa hesabu yake, tutakuwa na vihenge vilivyojaa na treni zilizo tupu. Vikihesabiwa pamoja, tangu jembe la mkulima hadi kinu cha mjini, twaweza kuiepuka hasara ambayo wenzetu waliilipia kwa karne nzima.

Tunawaomba walimu wawape wanafunzi kazi moja. Wachague ghala moja lililo karibu na shule, la ushirika au la mfanyabiashara. Kwa muda wa majuma manne ya msimu, wakiruhusiwa na mwenye ghala, waandike kila siku: magari yaliyofika, magari yaliyoondoka, na saa ambazo kila gari lilingoja. Wachore grafu. Wapime unyevu wa nafaka kama kipimo kipo, na kama hakipo, wapime joto la lundo kwa kipimajoto. Kisha waulize ni nani aliyelipia saa zile.

Wanafunzi watakaofanya kazi hiyo watakuwa wamejifunza wastani, grafu na upumuaji wa mbegu. Watakuwa pia wameanzisha daftari, na siku moja mkulima wa mahali pale aweza kulihitaji.